Mungaa, Rudia

Watu wengi waliomjua Dorkas walimjua kwa sauti. Kwa sura wangempita sokoni bila hata kumpa salamu. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye kijichumba cha nyuma ya ofisi ya ushirika wetu wa alizeti, Singida mjini, mbele ya redio kolu, na sauti yake ikatokea kwenye vituo vinne vya kununulia mbegu: Mkiwa, Itigi, Ulemo na Mungaa. Makarani wa huko wakisikia "Singida anaita, Singida anaita, ova," walikaa vizuri kwenye viti, utadhani anawaona. Mimi, Fabiano, nilikuwa karani wa masjala, chumba cha jirani, ukuta mmoja. Nilimsikia kila siku ya kazi mpaka nikawa simsikii tena.

Nikiri mapema kwamba sikuwa mfanyakazi hodari. Niliingia saa mbili na nusu, nikanywa chai, nikapanga mafaili niliyokuwa nimeyapanga jana yake. Dorkas alifika saa moja na nusu, kwa miguu kutoka Misuna, akiwa ameshachota maji, ameshapika uji na ameshamwandaa binti yake Eliana kwenda shule. Mume wake alikwenda Sekenke kutafuta dhahabu akapata mke. Kwa hiyo Dorkas alikuja kazini amechoka, akashinda amechoka, akarudi amechoka, na wala hakuwa mtu wa kulalamika, jambo ambalo lilituudhi sisi tuliokuwa tunalalamika bila kuchoka.

Kichwa chake ndicho kilichokuwa kinamchosha. Namba ikishapita masikioni mwake au kwenye kalamu yake, ilikaa. Ungeweza kumwuliza namba za lori lililoharibikia Ulemo mwaka wa themanini na moja, akakutajia huku anafuta vumbi mezani. Sisi tulifanya mchezo. Mtu ananunua redio, anamsomea Dorkas namba iliyoandikwa mgongoni, halafu baada ya mwaka anakuja kumpima. Hakukosa hata mara moja. Siku moja nikamtania kwamba kichwa chake ni kabati lisilo na mlango. Hakucheka.

"Fabiano, hujui inavyochosha," aliniambia. "Ninyi mnalala. Mimi nalala nazo."

Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, na wenye akili wakaja na redio kolu zao. Redio kolu haina siri. Ukiwa na mashine na ukajua masafa, unasikia kila neno. Dorkas akisema lori linakwenda Ulemo Jumanne, wao wanafika Ulemo Jumatatu. Mwenyekiti wetu Simeoni alifoka, akapiga meza, akatukana hewani hao wanaosikiliza, nao bila shaka walisikiliza na matusi. Dorkas yeye alinunua madaftari matano. Akakipa kila kijiji namba, kila siku ya juma namba, lori namba, magunia namba, na kila mwezi namba hizo akazibadilisha zote. Daftari moja kila kituo, moja Singida. Mwezi huu lori ni thelathini na nane, mwezi ujao ni sabini na moja. Makarani walikuwa wanapekua kurasa kwa jasho. La Singida halikufunguliwa kamwe, maana yeye alikuwa nalo kichwani.

Wanunuzi wakasikia namba mchana kutwa wasipate kitu. Mwaka ule tuliwatangulia kila mahali. Katika mkutano mkuu Simeoni alipongezwa kwa ubunifu wake, akasimama akapunga mkono. Dorkas alikuwa nje anagawa soda.

Sasa niseme habari za Yunisi, maana bila yeye haya yote yasingekuwa na uzito. Yunisi alikuwa mdogo wake Dorkas, tumbo moja, mjane, mkulima wa Mungaa. Wanakijiji wenzake walimchagua kuwa mjumbe wao katika mkutano mkuu wa ushirika, kwa sababu hakuogopa kusema. Uchaguzi wa mwenyekiti wa mwaka tisini na tano ulifanyika kwa kunyoosha mikono. Yunisi akanyoosha mkono wa kumkataa Simeoni, juu kabisa, kiwiko kimenyooka. Simeoni alitabasamu. Nyuma yake katibu alikuwa anaandika majina.

Msimu uliofuata alizeti ya Yunisi ikawa na unyevu. Kituoni karani hutia mkono kwenye gunia, akasugua mbegu vidoleni, akasema kavu au bichi, na neno lake ndilo la mwisho. Ya Yunisi ikawa bichi. Akairudisha nyumbani kwa punda, akaianika wiki nzima, akairudisha. Bichi. Ilikuwa mwezi wa nane, nchi nzima imekauka, hata mate hayatoki, lakini alizeti ya Yunisi ina unyevu. Misimu miwili ilikwenda hivyo. Wanunuzi binafsi wakajua hana pa kwenda, wakamlalia kwenye bei. Dorkas aliambiwa haya yote na karani wa Mungaa hewani, kama taarifa ya kawaida ya kituo, naye akajibu, "Nimepata, ova." 

Halafu zikaja mvua zile za Elnino. Mwanzoni mwa mwaka tisini na nane madaraja yalikwenda, mbuga ziligeuka maziwa, na hakuna basi lililofika Mungaa wala Ulemo kwa miezi. Kanuni zetu zilisema mwenyekiti achaguliwe kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Wajumbe walikuwa arobaini na mmoja, wote wametawanyika huko vituoni. Kamati ikakaa, na Simeoni akaja na wazo lake la kisasa: kila mjumbe aende kituo cha karibu, ashike maiki, ataje jina la mgombea anayemtaka. Wagombea walikuwa wawili, yeye na Abraham, mwalimu mstaafu wa Ulemo.

Kwa maneno mengine ilikuwa ni ile mikono ya mwaka tisini na tano, ila safari hii inyooshwe mbele ya mkoa mzima.

Dorkas alikuwa ameitwa kwenye kikao ili aseme kama betri za vituoni zina nguvu. Alisema zina nguvu. Kisha, badala ya kutoka, akabaki amesimama.

"Mwenyekiti, inawezekana," alisema, "lakini kwa namba."

Akaeleza, kwa ile sauti yake ya redio, neno moja moja. Kila mjumbe apate bahasha iliyofungwa. Ndani kuna karatasi yenye namba mbili, moja ya Simeoni na moja ya Abraham. Hakuna karatasi mbili zenye namba zinazofanana. Bahasha ziwekwe kwenye ungo, zichanganywe, kila mjumbe aokote yake mwenyewe, ili asiwepo wa kusema fulani amepata ipi. Siku ya kura mjumbe anaingia peke yake kwenye chumba cha redio, anasoma namba moja tu. Atakayesikia atasikia namba. Orodha inayosema namba ipi ni ya mgombea yupi ikae nje ya ofisi, kwa mtu asiye mwanachama, asiyesikiliza redio. Kura zikishahesabiwa, orodha ichomwe moto, na namba zilizopokelewa zibandikwe ubaoni, kila mmoja aje aone yake ipo.

Nilikuwa naandika muhtasari, na kalamu ilinisimama mkononi. Huyu mama niliyekuwa namtania kwa habari za kabati alikuwa amekaa na jambo hilo muda mrefu, inaonekana. Wanakamati wakatazamana. Abraham akasema linafaa. Mimi nilitegemea Simeoni apige meza, lakini alimwangalia Dorkas, akaangalia dari, akakubali. Alikubali upesi mno. Nilidhani ameona aibu kukataa mbele ya watu, na nikafurahi kijinga.

Mtu wa kukaa na orodha akapatikana: Mzee Hirji, mwenye duka la vitambaa karibu na soko, ambaye baba yake na babu yake waliuza vitambaa hapo hapo. Hakuwa mwanachama wetu, hakulima alizeti, na Simeoni na Abraham wote wawili alikuwa anawaona wanapiga kelele.

Siku iliyofuata, mchana, mvua inanyesha, Dorkas alikuja masjala. Alikuwa ameshika karatasi arobaini na moja, zimekatwa vizuri, tupu.

"Fabiano, naomba uniandikie wewe hizi namba," alisema. "Tunga zozote tu, ila zisijirudie. Mimi nisizione."

Naikumbuka siku ile kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vimelowa na nilikuwa nimevianika chini ya meza. Paa la masjala lilikuwa linavuja juu ya mafaili ya mwaka themanini na nne. Nilikuwa nimechoka kwa namna ile ya mtu asiyefanya kitu. Namba themanini na mbili, kisha orodha yake, kisha bahasha. Nikaona kazi ya watu inaletwa kwangu.

"Mama Eliana," nikamwambia, "redio yako, namba zako. Mimi nina mafaili yanaoza hapa."

"Ni saa moja tu ya kazi."

"Basi ifanye wewe hiyo saa moja. Mwandiko wangu wenyewe kama kuku amepita."

Katika ofisi nzima mtu mwingine wa kumpa hakuwepo. Katibu alikuwa mpwa wa Simeoni, na mhudumu hakujua kusoma. Angeweza kunieleza kwa nini ananiomba. Lakini nadhani alikuwa amechoka kueleza, na alijua nitatania. Akasema, "Haya," akarudi kwake, na mchana ule wote nilisikia kalamu yake.

Orodha iliyofungwa kwa nta nilimpelekea Mzee Hirji mimi. Aliigeuza geuza.

"Nani mwingine ameiona hii?" akauliza.

"Hakuna, mzee. Aliyeandika tu."

"Aliyeandika ni nani?"

"Dorkas wa redio."

"Na siku ya kura, nani anasikiliza?"

"Dorkas wa redio."

Aliniangalia juu ya miwani. Kisha akafungua kabati lake la chuma, akaiweka ndani, akafunga. "Haya bwana," alisema, akaendelea kupima kitambaa cha mteja. Nilirudi ofisini nikiwaza kwamba wazee wa dukani wana maswali mengi.

Bahasha zilikwenda vituoni kwa baiskeli, na baiskeli iliposhindwa, mtu akaibeba baiskeli. Za Itigi zilishushwa Manyoni zikapelekwa kwa kiberenge cha reli. Simeoni naye hakukaa bure. Alituma maneno vituo vyote kwamba wajumbe wasidanganywe, namba zinasomeka, na yeye ana namna ya kuzisoma. Watu walicheka. Walisema Simeoni mwenyewe hata daftari la namba lilikuwa linamshinda.

Kura ilipigwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Nilikaa kwenye kijichumba cha redio kama shahidi, pamoja na mtu wa Abraham na mtu wa Simeoni. Simeoni mwenyewe alikuwa nje ndani ya Landrova ya ushirika, redio kolu ya gari imewashwa, daftari gotini. Dorkas alivaa gauni lake la kanisani. Kazi yake ilikuwa kuandika namba na kusema nimepata.

Tabu ilianza na Mkiwa, mtu wa kwanza kabisa.

"Shikamoo mama, hapa ni mjumbe..."

"Usitaje jina!" Dorkas akamkata. "Taja namba tu, ova."

"Sawa mama. Hata shikamoo nisitoe? Ova."

"Hata shikamoo. Namba tu, ova."

Tulikuwa tumefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Utamwambiaje mtu wa huku kwetu amfungulie mdomo mtu mzima bila kumwamkia? Walijaribu, wakashindwa. Wakawa wanaanza na shikamoo, wanaomba radhi kwa shikamoo, wanauliza habari za Eliana, ndipo wanasoma namba. Mzee mmoja wa Itigi aligoma kabisa. "Binti, hujaniamkia," alisema, akanyamaza, hewa inakoroma tu. Tulingoja. Dorkas akafumba macho. "Shikamoo baba, ova." "Marahaba mwanangu. Haya, andika sasa." Mtu wa Abraham alicheka hadi akashika tumbo. Dorkas hakucheka. Nilimwona jasho linamtoka kwenye mfereji wa shingo, na kumbe si joto. Kila shikamoo ilikuwa ni jina. Alikuwa amesikia sauti za watu hao miaka yote. Mimi sikuliwaza hilo. Nilikuwa nawaza chai.

Ulemo wakamaliza. Wa mwisho walikuwa Mungaa, kumi na mmoja. Hewa ya Mungaa siku ile ilikuwa safi, nasema hili kwa sababu ni muhimu. Hakukuwa na mkwaruzo hata kidogo. Mjumbe wa sita aliingia, na hakusalimu. Sauti ya mwanamke, kavu, imenyooka.

"Tatu, tisa, sifuri, sita. Ova."

Kalamu ya Dorkas ilikuwa imeshagusa karatasi. Ikasimama pale. Nilimwangalia, nikadhani amepitiwa na usingizi, maana ilikuwa imefika saa saba na hajanywa hata maji.

"Mungaa, rudia," alisema. "Ova."

Katika miaka ishirini na miwili sikuwahi kumsikia anamwomba mtu arudie hewa ikiwa safi. Kimya kikapita. Kisha ile sauti, taratibu zaidi:

"Tatu. Tisa. Sifuri. Sita. Ova."

"Nimepata, ova," alisema Dorkas, akaandika.

Jioni ile ile dukani kwa Mzee Hirji, mbele ya mashahidi, Mzee Hirji alifungua orodha, akazilinganisha namba moja moja peke yake, akatutajia jumla tu. Simeoni ishirini na moja, Abraham ishirini. Kura moja. Abraham alimpa Simeoni mkono, akavaa kofia yake. Mzee Hirji akaweka orodha kwenye jiko la mkaa, tukaitazama inajikunja. Namba arobaini na moja zikabandikwa ubaoni, na mimi nikaenda nyumbani kula.

Jumatatu asubuhi Simeoni alimwita Dorkas. Mlango wa ofisi yake haukuwa unafunga vizuri, na masjala ilikuwa mkabala.

"Kuna watu ishirini wamenikataa," alisema Simeoni. "Namba zote zilizosomwa ninazo. Sauti nyingine nilizitambua, nyingine sikuzitambua. Namba ipi ni yangu na ipi ya Abraham sijui, orodha imeungua. Lakini wewe na mimi tunajua haikuungua yote."

"Sielewi, mwenyekiti."

"Mama, kichwa chako mkoa mzima unakijua. Niandikie majina ishirini hapa, urudi kwenye kazi yako."

Ndipo nilipoelewa kwa nini alikubali upesi. Na ndipo nilipoelewa zile karatasi tupu, huku nimekaa na kikombe cha chai mkononi. Nilijisikia vibaya, sikatai. Lakini sikuinuka.

"Nimesahau," alisema Dorkas.

"Hujawahi kusahau namba maisha yako yote."

"Hizi nimesahau."

Alimwita tena Jumanne, akamwita Alhamisi, akamwita wiki iliyofuata. Alimkumbusha ada ya Eliana. Alimkumbusha kwamba mashirika yote yanapunguza watu siku hizi. Kila mara jibu lilikuwa hilo hilo, kwa sauti hiyo hiyo, kama anasoma taarifa ya hali ya hewa. Mwezi wa sita likatoka jina la mfanyakazi wa kwanza kupunguzwa. Barua niliipiga chapa mimi, na nikampelekea mimi. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaniambia nimekosea tarehe.

Msimu ule, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, hapakuwa na alizeti yenye unyevu. Simeoni hakujua amkomoe nani, kwa hiyo hakumkomoa mtu. Makarani walisugua mbegu vidoleni, wakasema kavu, kavu, kavu, mpaka Mungaa. Wale ishirini walipima kama wengine na hadi leo hakuna anayewajua.

Nimeruka jambo moja. Mwezi wa tano, barabara zilipokauka, kabla ya ile barua, Yunisi alikuja mjini na kibuyu cha samli. Akampigia dada yake goti la shikamoo pale pale kwenye chumba cha redio, wakazungumza Kinyaturu kidogo, kisha Yunisi akageukia Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Dada, safari hii pia nilimnyima yule mtu."

Dorkas alikuwa anafuta maiki kwa kitambaa. "Usiniambie, mdogo wangu," alisema. "Hiyo ni yako." Kisha akamwuliza kama punda alipona. Yunisi alipotoka alipita ubaoni, akasimama pale muda mrefu, kidole kinashuka kwenye zile namba.

Baada ya kupunguzwa Dorkas alihamia Mkiwa, pale njia panda, akawa anauza mayai ya kuchemsha na viazi vitamu kwa wasafiri. Nilipokuwa napita nilimwona. Alikuwa anakaa ameipa barabara mgongo, mteja anamwita mara tatu ndipo anageuka. Nilimwambia hiyo biashara gani, atauzaje bila kuwaona wateja. Akasema akigeuka anaona namba za magari, na hana tena pa kuziweka. Redio ya ushirika ilikaa kimya kijichumbani mpaka mtu mmoja akaiuza, simu za mkononi zikaja, na watu wakamsahau yule "Singida anaita". Alikufa mwaka wa tano baada ya ile barua, kwa moyo, walisema. Mimi nasema kwa uchovu, lakini hospitali hawaandiki hivyo.

Tulimzika kwao Mungaa. Siku ya tatu, baada ya kuanua matanga, watu wanatawanyika mchana, Yunisi alinifuata nilipokuwa natafuta viatu vyangu kwenye lundo la viatu vya waombolezaji.

"Kaka Fabiano," aliniambia, "siku ile ya kura ulikuwa chumbani naye. Dada aliwahi kukuambia nilipiga vipi?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Uliniambia wewe. Ulisema ulimnyima Simeoni."

Aliketi kwenye kinu kilicholazwa pale. Hakulia. Alikuwa ameshalia siku tatu na machozi yalikuwa yamekwisha.

"Nilimpa Simeoni," alisema. "Alizeti ya misimu miwili ilikuwa imelala ndani kwangu, panya wanaitafuna. Simeoni alipotuma maneno kwamba namba zinasomeka, wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, lakini nilikuwa nimeamua. Nilikwenda kituoni nikiwa na Abraham moyoni, naapa. Nikaokota bahasha."

Nilikuwa nimeshapata kiatu kimoja. Nikabaki nacho mkononi.

"Mimi ndiye niliyemsomea dada namba bila shikamoo," aliendelea. "Nilimwonea aibu, nikatumaini hatanijua. Akaniambia rudia. Hapo nikajua amejua, na nikajua ananipa nafasi. Namba ya Abraham ilikuwa hapo hapo chini ya kidole changu. Nikarudia ile ile. Halafu nikaja mjini na samli, nikamdanganya usoni, na yeye akaniuliza habari za punda."

Nikasimama pale nahesabu, mimi nisiyependa kuhesabu. Ishirini na moja kwa ishirini. Dorkas alikuwa na namba zote mbili za karatasi ile kichwani, na kalamu mkononi. Angeandika ile nyingine, Abraham angekuwa mwenyekiti, na barua nisingeipiga. Yunisi angeikuta ubaoni namba asiyoisema, na asingethubutu kumwambia mtu. Aliandika alichosikia.

"Lakini kwa nini ulibadili?" nikamwuliza Yunisi. "Ulikwenda na Abraham moyoni. Bahasha ilikufanya nini?"

"Niliifungua nikaona mwandiko wa dada," alisema. "Namjua. Alichokiandika hakimtoki. Nikasema, basi kuna mtu mmoja anayejua, na watambana, na ana mtoto wa kusomesha. Atasema. Sikujua kwamba hatasema." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Ungekuwa mwandiko wa mtu mwingine yeyote, kaka, ningempa Abraham."

Nilimwambia pole. Nikaendelea kutafuta kiatu cha pili.